Agnesi na Neno la Mwisho la Mama Yake

Saa moja na nusu asubuhi Agnesi amepiga magoti kati ya kitanda cha sita na cha saba, katika wodi ya wanaume ya hospitali ya wenyeji, hapa Dar es Salaam. Tambara liko mkononi, ndoo ya maji ya dawa iko ubavuni. Anasugua, anakamua, anasogea, anasugua tena. Nje, garimoshi la bara linapiga filimbi stesheni na vioo vya madirisha vinatetemeka.

Akifika kitanda cha saba anainuka. Hapo amelala mtu wa makamo aliyeletwa jana kutoka shamba la mkonge. Homa imemkausha midomo. Agnesi anajifuta mikono kwenye aproni, anamshika kisogo na kumnywesha maji kidogo kidogo. Kisha anamuuliza ametoka wapi.

"Mvumi," mgonjwa anajibu. "Ugogo."

"Na kwenu Mungu mnamwitaje?"

Mgonjwa anamtazama kwa muda. Tangu aletwe ameulizwa jina, umri, bwana wake na mahali panapouma. Hili hakulitegemea. Anajibu kwa sauti ya chini, "Mulungu."

"Basi Mulungu yuko hapa pia," Agnesi anamwambia. Anamfunika blanketi mpaka kifuani, anarudi kwenye ndoo yake.

Amekuwa akiuliza swali hilo tangu mwaka 1921, na sasa ni miaka kumi na mitatu. Hakutumwa na mtu. Kazi aliyoajiriwa ni kupiga deki, kumwaga vyombo vya wagonjwa na kufua mashuka, na mshahara wake ni shilingi kumi na nane kwa mwezi. Nne zinakwenda kwenye kodi ya chumba huko Kariakoo. Zinazobaki ni za kula, kuvaa na sadaka ya Jumapili.

"Wengi wanaokufa humu wanakufa mbali na kwao," anasema. "Hawana mama, hawana ndugu. Angalau wasikie jina moja wanalolijua."

Agnesi anakadiria kuwa ana miaka arobaini na sita. Ni mwembamba, mweusi sana, na magoti yake yameota sugu kama ya mtu aliyesali maisha yake yote. Mwenyewe anacheka akiambiwa hivyo. Anasema sugu ni za sakafu, Mungu amepata nafasi yake humo humo.

Alizaliwa Bagamoyo, katika kijiji cha misheni walikokaa watu waliokombolewa utumwani. Mama yake, Perpetua, alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa kwao akiwa mtoto wa miaka sita au saba, akatembezwa na msafara mpaka pwani, na hapo mapadri wakamkomboa, wakambatiza na kumlea pamoja na watoto wengine wa namna yake.

Watoto hao walitoka nchi nyingi, wala hawakuelewana kwa lugha zao. Walijifunza Kiswahili upesi ili wapate kucheza. Perpetua alipokuwa msichana mkubwa, lugha ya kwao ilikuwa imekwisha kichwani. Jina lake la kwanza alilisahau. Jina la kijiji alilisahau. Alichokumbuka ni maji mapana ambayo ng'ambo yake ilionekana siku nyingine na siku nyingine haikuonekana, na dagaa walioanikwa mchangani.

"Nilikuwa nikimuuliza, mama, kwetu ni wapi?" Agnesi anasimulia. "Ananiambia, kwetu ni hapa, nenda kachote maji. Hakukasirika. Hakuwa na la kunijibu."

Mwaka 1909 Perpetua aliugua, mwili ukamvimba. Agnesi, msichana wa miaka ishirini na mmoja, mtoto pekee, ndiye aliyemuuguza. Padri alikuja akampaka mafuta matakatifu. Siku mbili za mwisho mama hakusema neno, na siku ya tatu, alasiri, akafumbua macho na kuanza kusema neno moja.

"Leza," alisema. "Leza. Leza."

Agnesi alidhani anasema legeza. Akamlegeza kanga kifuani. Mama akarudia. Akamlegeza mkufu wa medali shingoni, akafungua dirisha. Mama akarudia tena. Agnesi akafikiri labda anasema eleza, akamwinamia, akamuuliza amweleze nini, amweleze nani. Mama alikuwa akimtazama, lakini si kama mtu anayengoja kujibiwa naye. Alilisema neno lile mpaka sauti ikaisha, midomo ikaendelea kidogo, ikatulia.

Agnesi alimzika mama yake akiamini kuwa aliomba kitu na hakupewa. Hakuwaambia watu. Aliungama kwa padri kwamba alimwacha mama afe na haja yake, na padri akamwambia hiyo si dhambi. Hakutulia.

Baada ya miaka mitatu aliolewa na seremala wa misheni, wakahamia Dar es Salaam. Walipata mtoto mmoja, akafa mchanga. Vita vilipokuja mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, akafa kwa tumbo la kuhara huko Rufiji. Habari zililetwa na mwenzake aliyenusurika. Agnesi alimuuliza mumewe alisema nini mwishoni. Yule mtu akajibu kwa huzuni kwamba wafu walikuwa wengi, hawakuweza kumsikiliza kila mmoja.

Vita vilipokwisha akapanga chumba katika eneo lile lile walilopiga kambi wapagazi wa jeshi, ambalo watu wameliita Kariakoo kwa kugeuza jina la Kiingereza la kikosi chao. Mwenye nyumba ni Bi Zamda, mjane wa Kimanyema aliyezaliwa hapa hapa mjini, Mwislamu wa swala tano. Mpaka leo wanaishi pamoja. Jioni Agnesi akirudi kazini hukaa naye ukumbini, mmoja akichambua mchele, mwingine mchicha, na Agnesi humsimulia habari za wodini.

Swali lake lilianza mwaka wake wa kwanza wa kazi. Mzee mmoja kutoka Iringa alikuwa akifa, akisema maneno ambayo dresa, mfunga vidonda wa wodi, aliyaita ya homa. Neno moja lilirudi mara kwa mara, Nguluvi, Nguluvi. Kitanda cha pili alilala askari wa Kihehe aliyevunjika mkono. Agnesi akamuuliza mzee anaomba nini, maji au nini.

Askari akamwambia haombi maji. Anamwita Mungu. Hilo ndilo jina lake kwetu.

"Nilisimama na chombo mkononi," Agnesi anasema. "Nikamkumbuka mama. Nikasema moyoni, Agnesi, huenda mama yako hakuwa akisema Kiswahili."

Alirudi kwa yule mzee, akapiga magoti, akasema sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, na kila palipostahili kutajwa Mungu akasema Nguluvi. Mzee akanyamaza, akasikiliza. Alikufa jioni ile mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Agnesi.

Tangu siku hiyo akaanza kuuliza kila mgonjwa. Aliuliza ili apate kusali nao, na aliuliza pia kwa sababu yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa Bi Zamda. Alikuwa akilitafuta neno la mama yake.

Hajui kusoma wala kuandika. Majina ameyaweka kichwani pamoja na watu wenyewe. Ruwa alifundishwa na Mchaga mpishi aliyeungua miguu. Ndiye aliyemweleza kuwa jua nalo kwao lina jina kama hilo, lakini hawaliabudu jua, jua ni la Ruwa. Imana ni la kijana wa Buha. Liwelelo ni la mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa akitania mpaka siku ya kufa. Chapanga ni la Wangoni wawili ndugu, waliolazwa pamoja na kutoka pamoja wakiwa wazima. Kyala ni la watu wa Rungwe, ambao bandarini wako wengi.

Katika majina yote hayo, Leza halikuwamo.

Bi Zamda alipenda sana habari hizo. Jioni moja, akiwa ameshika tasbihi yake, alimwambia Agnesi kuwa wao wana majina tisini na tisa, na kila moja lina kazi yake: mwenye shida ya riziki anamwita Mola kwa jina la Mpaji, mwenye kosa anamwita kwa jina la Msamehevu. Akamuuliza, na nyinyi Wakristo mnamwitaje mkiwa na shida?

Agnesi akajibu kuwa wao wameambiwa na Yesu wamwite Baba, basi shida zote ziko humo. Lakini akaongeza kuwa hata neno baba kila mtu analijua kwa lugha ya nyumbani kwao kwanza.

Mtu aliyemzuia ni Mwalimu Gaudens, katekista anayewafundisha dini Wakristo wa Kariakoo. Ni Mngoni wa Songea, wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa mafundisho. Mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka huu ndugu wa marehemu mmoja walimsifia Agnesi kwake, kwamba alimsalia ndugu yao kwa jina la kwao. Gaudens hakufurahi. Alimwita baada ya Misa, akamwambia kwamba Mungu ni mmoja, na jina walilofundishwa katika sala ni Mungu. Majina mengine ni ya matambiko. Akamkataza. Akasema kama ataendelea, hatamruhusu tena kuwaongoza akina mama katika rozari ya Jumamosi.

Rozari hiyo ilikuwa heshima yake Agnesi. Mwanamke asiyejua kusoma, asiye na mume wala mtoto, siku hiyo alikaa mbele na wengine wakamwitikia. Akatii.

Siku arobaini alipiga deki kimya. Wagonjwa wapya walikuja, hakuwauliza kwao ni wapi.

Katika Juma Kuu waliletwa makuli watatu kutoka bandarini, walioangukiwa na marobota. Wawili waliumia miguu. Wa tatu, kijana wa miaka kama ishirini na miwili, alipondeka kifua. Jina lake Ambilikile, wa Rungwe. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini tu: beba, shusha, ngoja. Ijumaa Kuu mchana alianza kuita.

Agnesi alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alilijua jina lile. Lilikuwa Kyala.

"Alikuwa akinitazama," anasema. "Nami nilikuwa na ndoo. Nikasema moyoni, nimekatazwa. Nikasugua sakafu. Nikasugua mahali pale pale mpaka pakawa peupe. Nilipoinua uso alikuwa amekwisha kufa."

Kesho yake makuli wenzake walikuja kuuchukua mwili. Mmoja wao, akimngoja dresa alete karatasi, alimweleza Agnesi maana ya jina la marehemu. Kwa Kinyakyusa, Ambilikile maana yake Ameniita.

Jumatatu ya Pasaka Agnesi alimfuata Mwalimu Gaudens sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, kwenye kanisa kubwa karibu na bandari. Alimkuta akikunja vitambaa vya altare. Alimsimulia habari za Ambilikile mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema kilichompeleka.

"Mwalimu, umenikataza na nimetii Kwaresima yote. Sitatii tena. Rozari mpe mwingine. Kama ni dhambi nitaiungama, lakini mtu akiita nitaitika."

Gaudens hakumkaripia. Alikaa kwenye sanduku la mavazi, akamwambia jambo ambalo hakuwa amewaambia Wakristo wake. Alipokuwa mtoto, kwao palitokea vifo vitatu mfululizo. Baba yake akachinja mbuzi mweusi, akamwaga pombe makaburini akilitaja jina la Chapanga. Siku hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, wakamtaja mchawi. Alikuwa shangazi yake Gaudens, mwanamke asiye na mtoto, aliyekuwa akimlisha na kumbeba mgongoni. Walimfukuza akiwa na nguo moja. Gaudens alibatizwa miaka miwili baadaye, na tangu hapo jina lile halikupita tena kinywani mwake.

"Mama Agnesi, wewe ulizaliwa misheni," alimwambia. "Hujui majina hayo yametumikaje."

Agnesi akamuuliza swali ambalo Gaudens anasema hatalisahau.

"Na shangazi yako, alipokuwa akienda zake peke yake, yeye alimwita nani?"

Gaudens alirudi kwenye vitambaa vyake. Waliagana hivyo hivyo.

Mwandishi wa habari hizi alimkuta Mwalimu Gaudens nyumbani kwake, Mtaa wa Swahili, akisahihisha majina ya watakaobatizwa. Hakuficha kitu. Alisema kwamba baada ya siku ile alikwenda kutafuta katika Maandiko maneno ya kumrudi yule mama. Alitafuta majuma mawili.

"Nikafika kwenye habari ya Hajiri," alisema. "Nimewafundisha watoto habari hiyo mara nyingi, nikipita haraka niende kwa Ibrahimu. Safari hii nilisimama."

Akaieleza. Hajiri alikuwa mjakazi, mgeni, mtu wa Misri. Bibi yake alimtesa naye ni mjamzito, akatoroka jangwani. Malaika wa Mungu akamkuta penye chemchemi, akamwita kwa jina lake. Yule mjakazi hakuwa na kitabu wala mwalimu, wala hakuuliza Mungu anaitwaje kwa Ibrahimu. Alimpa jina mwenyewe, kwa jambo alilotendewa saa ile: wewe ni Mungu unionaye.

"Mungu hakumkatalia," alisema Gaudens. "Jina likaandikwa pamoja na majina mengine, na Kanisa zima tunalisoma. Mjakazi aliyekimbia! Mimi ni nani hata nimkataze Agnesi?"

Siku hiyo alikwenda hospitali na kitabu kwapani. Alimkuta Agnesi uani akisuuza mashuka, akakaa kwenye ukingo wa birika la kufulia, akamsomea. Agnesi alimwomba arudie. Aliporudia, Agnesi alisema tu kwamba mama yake naye alikuwa mtumwa. Ndipo kwa mara ya kwanza alipomweleza Gaudens habari za neno lile.

Gaudens akasema neno hilo halijui. Lakini aliongeza, bila kuombwa, kwamba akina mama wanamngoja Jumamosi, na rozari haijapewa mtu.

Jioni Agnesi alimrudia Bi Zamda na habari ya yule mjakazi. Bi Zamda akatabasamu, akasema huyo ni Bi Hajiri, wao pia wanamjua, na kila anayekwenda Maka anapita pale alipohangaikia maji. Wakakaa wanawake wawili wajane wakimzungumza Hajiri kama jirani waliyemfahamu wote.

Mwezi wa Agosti aliletwa wodini mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala moja Uhindini. Alikuwa na kidonda kikubwa cha mguu na homa. Jina lake Severine, alibatizwa utotoni na mapadri wa bara, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kwa hiyo Agnesi hakuharakisha kumuuliza swali lake. Aliona hana shida ya kusali.

Siku ya nne alikuwa akisugua chini ya kitanda chake. Mzee alikuwa na rozari mkononi, akisali kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo ya mtu anayejisemea. Agnesi hakuwa akisikiliza. Kisha neno likashuka mpaka pale alipoinama.

Alitoka chini ya kitanda.

"Baba, umesema nini?"

Mzee akadhani amemsumbua. Akamwambia anasali tu.

"Neno hilo ulilosema sasa hivi."

"Lipi? Leza?" mzee akasema. "Ndiye Mungu, mwanangu. Kwetu Ufipa ndivyo tunavyomwita."

Agnesi alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wanasema walidhani ameteleza. Severine aliteremsha mguu mzima, kwa shida, akainama akamshika bega. Hakujua amemwambia nini mwanamke huyu. Alingoja mpaka Agnesi akaweza kusema.

Agnesi alimweleza yote: msafara, Bagamoyo, maji mapana, dagaa mchangani, ile alasiri ya mwaka 1909. Mzee akamwambia kwamba kwao kuna ziwa, Tanganyika, na siku za vumbi ng'ambo haionekani. Dagaa huanikwa mchangani hadi leo. Na jina Leza, wazee wake walisema, limetokana na kulea, kama mama anavyolea mtoto mgongoni. Yeye hajui kama wazee walisema kweli, maana hakusomea mambo hayo, lakini ndivyo alivyoambiwa na bibi yake.

"Miaka ishirini na mitano," Agnesi anasema, "nilidhani mama alikufa akiniomba kitu nikashindwa kumpa. Kumbe hakuwa akiniomba mimi."

Mwalimu Gaudens alipoambiwa alifurahi, lakini ni mtu wa kupima maneno. Alimwonya Agnesi kwamba jina hilo liko katika nchi nyingi za kando ya ziwa, na mpaka ng'ambo, Kongo. Hakuna awezaye kuapa Perpetua alitoka Ufipa. Agnesi akamjibu kuwa haapi. Nchi ya mama yake inaweza kuwa upande wowote wa maji. Aliyekuwa akiitwa na mama, huyo anamjua sasa.

Padri alikubali kumsalia Perpetua Misa, na Gaudens ndiye aliyewaongoza waamini katika sala. Watu waliokuwapo wanasema aliomba kwa Kiswahili kama kawaida, akafika mahali akasita. Halafu akasema, "Leza, umpokee mtumishi wako Perpetua." Akasita tena, na kwa sauti ambayo nusu ya kanisa haikuisikia, akamwombea mwanamke mwingine, ambaye hakumtaja, kwa jina la Chapanga.

Alipoulizwa na mwandishi kuhusu ombi hilo la pili, Gaudens alifuta miwani yake muda mrefu. Akasema ni shangazi. Hajui alifia wapi.

Severine amepona. Kidonda kimefunga, anatembea kwa fimbo, na juma lijalo atapanda treni kwenda Kigoma, kisha meli ya ziwani mpaka Kirando, kwa dada yake. Amemaliza kazi za mjini. Kila adhuhuri, Agnesi akipumzika, mzee hukaa naye kwenye baraza la wodi, akimfundisha Baba Yetu kwa Kifipa, sentensi moja moja. Agnesi husema, mzee husahihisha, Agnesi husema tena.

Wasichana wanaofanya naye kazi wanamwita Mfipa siku hizi, kwa utani. Anaitika.

Mpango wake sasa ni safari. Ameomba likizo, ya kwanza tangu aanze kazi, kwa ajili ya mwezi wa Juni mwakani, mvua zikiisha. Bi Zamda ameahidi kumtunzia chumba na amekwisha kumshonea mfuko wa nguo. Dada yake Severine atampokea. Hatakwenda kutafuta ndugu, anasema, kwa kuwa hana jina la kumwulizia mtu. Wala hatakaa huko. Wagonjwa wake wako hapa.

Kuna kimoja tu anachokifuata, na anakieleza huku akiokota ndoo, kwa kuwa mapumziko yamekwisha na wodi ya wanawake bado haijapigwa deki.

"Majina haya yote ya Mungu nimeyasikia kwa watu wanaougua, na mengi kwa watu wanaokufa," anasema. "Hili la mama nataka nilisikie kwa watu wenye afya zao. Wanawake wakichota maji, wakisalimiana, wakiwaita watoto waje kula. Nataka nikae kando nisikie likitajwa, na mtu anacheka."